Baka likifutika, usitupe marhamu

Kinyozi wa kwanza kunikataa alikuwa jirani yetu kabisa, Ngamiani, Tanga. Alipitisha mashine mara mbili, akaizima, akapuliza magamba meupe yaliyonasa kwenye meno yake, kisha akaniinamia sikioni wateja wasisikie: "Kaka, hizi fangasi nenda ukazitibu kwanza. Mashine hii nanyolea watoto wa watu." Nikatoka na kichwa kilichonyolewa nusu, kofia mpaka nyumbani. Nilikuwa na miaka 22, na zile hazikuwa fangasi.

Ilikuwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka na magamba usioambukiza, ila jina hilo nililisikia miaka mitatu baadaye, Moshi. Kabla ya hapo nilishaitwa mwenye mba, mwenye choa, mwenye pumu ya ngozi, na kuna shangazi aliyenong'ona ukoma. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikata shauri kwamba ni uchafu ulioingia ndani. Kila Ijumaa akanisugua kwa dodoki na sabuni ya magadi. "Vumilia mjukuu wangu, yatatoka yote." Yalitoka kweli, pamoja na damu. Wiki mbili baadaye, pale pale dodoki lilipopita pakaota mabaka mapya, yamepangana kama mkono wake ulivyokwenda. Kumbe jambo hili linajulikana tangu miaka ya 1870, pale daktari Mjerumani Heinrich Köbner alipoeleza kwamba ngozi ya mtu wa soriasisi ikijeruhiwa, ugonjwa unaweza kuota juu ya jeraha. Basi kama unasoma haya na una dodoki bafuni, liache lisugulie masufuria.

Naulizwa sana na watu wanaoanza kuugua: nipake nini, niache nini, nitapona lini? Mengi ninayowajibu sikuyapata kwenye chumba cha daktari. Niliyapata nilipotoa vipande viwili vya ngozi yangu kwa watafiti, wakati nafanya kazi Uingereza. Ngozi yangu kule ilikuwa imechafuka kuliko wakati wowote. Tanga nilizoea kwenda kuogelea Raskazone na jua lilinisaidia bila mimi kujua (mionzi ya UVB ni tiba rasmi ya ugonjwa huu), sasa nikajikuta kwenye nchi ambayo Desemba jua linazama saa kumi jioni.

Muuguzi wa utafiti alikuwa dada mvumilivu. Akanieleza kwamba watachukua kipande kimoja kwenye baka na kingine kwenye ngozi safi, wapime ni jeni zipi zinafanya kazi. Nikamuuliza, jeni si zinafanana mwili mzima? Akasema ndiyo. Hapo tukapotezana, mpaka nilipojitafsiria kwa mambo ya kwetu.

Chukulia kila seli ina sanduku chini ya kitanda lenye vyeti vyote vya ukoo, ndivyo jeni. Cheti halisi hakitoki ndani. Ikitokea kazi, seli inakitolea kopi, na kopi hiyo, yaani RNA, ndiyo inayopelekwa kiwandani kutengenezea protini. Seli ya ini na seli ya kiwiko zina sanduku lile lile, tofauti ni vyeti gani vinatolewa kopi na ngapi. Kupima utendaji wa jeni ni kukaa pale steshenari ukahesabu kopi: leo cheti hiki kimetolewa kumi, kile elfu mbili, kile hakuna aliyekiulizia. Na kopi hizi zinaharibika upesi, ndiyo maana kipande changu kilipotoka tu kikatumbukizwa kwenye kichupa cha dawa ya kuhifadhi kabla hata sijafungwa plasta.

Maumivu? Sindano ya ganzi inachoma, baada ya hapo husikii kitu. Wanatumia kijichuma cha mviringo chenye upana wa milimita chache, kisha uzi mmoja au miwili. Ila weusi wenzangu, kuna swali moja msiliache mezani: kovu. Ngozi zetu zina tabia ya kuota makovu yanayovimba kuliko jeraha lenyewe, na kifua na mabega ndiyo mahali pabaya zaidi. Mimi nilisema mapema kwamba kaka yangu ana kovu la hivyo sikioni, wakahamia kiunoni. Uliza pia sampuli itakaa wapi na miaka mingapi, na kama unaweza kubadili mawazo. Na usitegemee kuletewa majibu yako binafsi. Mimi sikuletewa.

Nilichofanya ni kuanza kusoma walichokwisha kupata wengine. Kwenye baka, jeni nyingi mno zinatolewa kopi kuliko kawaida, na kundi kubwa ni zile za kupigana na vijidudu. Mojawapo, S100A7, protini yake iliitwa soriasini kwa sababu iligunduliwa kwenye ngozi yenye soriasisi, mwaka 1991. Nyingine, beta-difensini ya pili, watafiti wa Ujerumani waliichuja mwaka 1997 kutoka kwenye magamba ya wagonjwa. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu kwenye basi. Yale magamba aliyoyapuliza kinyozi kwa kuogopa fangasi yamejaa dawa za kuua vijidudu! Ngozi inapigana vita na adui ambaye hayupo. Wakati seli za ngozi ya kawaida huchukua takriban mwezi kupanda kutoka chini hadi kupukutika, zangu zinapanda kwa siku chache, hazijakomaa, zimeshikana, zinaganda.

Nani anatoa amri? Zamani ilidhaniwa kosa ni la ngozi yenyewe. Kisha mwaka 1979 ikaripotiwa kwamba wagonjwa waliopewa siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, walisafika ngozi. Dawa inayotuliza kinga ikitibu ngozi, basi mwenye makosa yumo ndani ya kinga. Mshukiwa akawa ujumbe mmoja wa kinga unaoitwa IL-12. Tatizo ni kwamba IL-12 ana ndugu, IL-23, aliyetambuliwa mwaka 2000. Ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali: nusu yao moja, p40, wanaichangia, nusu ya pili IL-12 ana p35 na IL-23 ana p19. Ukimwona baba tu huwezi kujua ni mtoto yupi aliyekuja.

Hapo ndipo kuhesabu kopi kulipotoa haki. Mwaka 2004 kundi la James Krueger, Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, lilionyesha kwamba kwenye mabaka kopi za p40 na p19 zimeongezeka, za p35 hapana. Aliyekuwa ndani ya nyumba ni IL-23. Yeye ndiye anayezipa nguvu seli T, askari wa kinga, zinazomwaga ujumbe mwingine, IL-17, na IL-17 ndiyo inayoiambia ngozi iote haraka na kujihami. Angalia dawa zilivyofuatana: ustekinumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009, inamkamata baba, p40, ndugu wote wawili wanaswekwa ndani. Secukinumab ya 2015 inazuia IL-17. Guselkumab ya 2017 inamkamata p19 peke yake. Mimi niko kwenye kundi hili la mwisho, na sikufichi, bei yake ukiitafuta kwa mfuko wako mwenyewe inatoa jasho. Nilipata kwa sababu ya mfumo wa afya wa nchi niliyokuwamo. Wengi wanaosoma hapa wako kwenye methotreksati, dawa nyingine ya kutuliza kinga, nayo si dawa duni. Ila inamezwa mara moja kwa wiki, narudia, kwa wiki, kwa vipimo vya damu na ini, na haifai kwa mjamzito wala anayetaka kushika mimba.

Kabla ya kuanza guselkumab, ambayo ni sindano, walinipima TB, na damu ikaonyesha vijidudu vimelala. Nilikasirika, sina hata kikohozi. Lakini kinga ile ile inayoniharibia ngozi ndiyo inayowafungia wale wadudu, na baadhi ya dawa hizi, hasa zinazozuia TNF (nao ni ujumbe wa kinga), zinaweza kuwafungulia mlango. Nikameza dawa za TB miezi mitatu kwanza. Ukitoka kwetu usikubali kuanzishiwa sindano hizi bila kipimo hicho.

Sasa nifike kwenye jambo lililobadilisha tabia yangu. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliopima ngozi za watu baada ya miezi mitatu ya etanercept, mojawapo ya dawa zinazozuia TNF, mahali ambapo mabaka yalikuwa yamekwisha kufutika. Kwa macho, hakuna kitu. Kwa kopi, jeni nyingi zilikuwa zimerudi kawaida, ila kikundi fulani hazikurudi. Na watafiti wengine wameonyesha kwamba zile seli T hazihami zote, nyingine zinabaki zimekaa ndani ya ngozi iliyopona, zikisubiri. Ndiyo maana baka langu la kiwiko cha kushoto likirudi halikosei njia, linakaa kwenye mipaka ile ile, mpaka kona yake inayofanana na Pemba.

Mimi nilikuwa bingwa wa kuacha. Ngozi ikisafika nilihesabu nimepona, nasukuma kopo la marhamu nyuma ya kabati, na baada ya wiki kadhaa natafuta wa kumlaumu: pweza, maji ya bomba, husuda. Sasa daktari wangu ameniwekea utaratibu: mahali palipokuwa na baka sugu napaka marhamu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, siku mbili tu kwa wiki hata kama pasafi, kwa sababu steroidi ya kupaka kila siku bila mpangilio inakondesha ngozi. Siku nyingine ni mafuta ya kulainisha, mwili mzima. Nasema mzima kwa makusudi. Utafiti wa 2009 ulilinganisha ngozi isiyo na baka ya wagonjwa na ngozi ya watu wazima wa afya, ukakuta hata ile safi ya mgonjwa jeni za kutengeneza mafuta ya ngozi zimepungua kasi na zile za kujihami ziko juu kidogo. Kile kipande changu "kisafi" cha kiunoni nadhani kilikuwa na yake ya kusema.

Na steroidi za vidonge au sindano? Kabla ya Moshi, zahanati moja ilinidunga sindano wiki ya harusi ya binamu. Niling'aa. Picha zote za harusi nimevaa mikono mifupi. Mwezi uliofuata ugonjwa ulirudi na deni na riba, kutoka viwiko viwili hadi mgongo mzima. Kwa wengine kuachia ghafla kunaleta hata soriasisi ya usaha, ambayo ni ya kulazwa. (Juu ya hiyo ya usaha, jeni yake moja kubwa, IL36RN, ilipatikana mwaka 2011 kwa kuchunguza familia za Tunisia. Afrika tumo, ingawa kwenye tafiti za soriasisi ya kawaida sampuli nyingi bado ni za Wazungu. Ukipata nafasi ya kutoa kipande, fikiria.)

Wanawake wananiuliza kuhusu watoto. Kurithi kupo, na jeni yenye uzito zaidi inaitwa HLA-C. Lakini hata mapacha wa kufanana, wenye sanduku moja la vyeti, mara nyingi anaugua mmoja. Mtoto akiugua mafindofindo mtibuni koo mapema, maana bakteria wa koo wanaweza kuamsha vijibaka vidogo mwili mzima. Zaidi ya hapo usimkague kila akioga.

Mwaka jana nilikwenda Tanga likizo nikapita kwa kinyozi yule yule. Nywele zimeanza kumtoka yeye. Alininyoa kichwa chote, akapaka spiriti, akauliza dawa gani nilitumia kumaliza zile fangasi. Nilianza na sanduku la vyeti, nikafika kwa baba mmoja na mama mbalimbali, foleni ikaanza kuguna, nikamwambia nitarudi. Jioni nyumbani nikapaka kiwiko cha kushoto. Ilikuwa Jumatano, siku yake.