Maswali ya Wasomaji: Barua za Baba na Rafiki Yake

SWALI: Marehemu baba aliandikiana kwa miaka mingi na rafiki yake wa Lindi, mtunzi wa mashairi, aliyefariki 1988. Barua zake kama themanini zimo kwenye bati la biskuti, zimebanwa kwa pini, na baadhi zina ukungu. Nizitunzeje? Naruhusiwa kuzichapa kitabu?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Anza na pini. Hewa ya chumvi huzila, na doa la kutu likishaingia kwenye karatasi halitoki. Iliyogandia usiivute, penyeza kipande chembamba cha plastiki chini yake, kisha inyanyue taratibu. Zenye ukungu zitenge, zikauke kivulini penye upepo, ndipo uzipanguse kwa brashi laini, nje ya nyumba, umeziba pua. Kitambaa kibichi hapana: wino wa maji hutawanyika. Selotepu nayo hapana, gundi yake hugeuka manjano na kupenya hadi upande wa pili. Leminesheni ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa haibanduki tena.

Kama zimo barua za ndege za buluu, zile za karatasi moja inayojikunja kuwa bahasha, zikunjue zote. Aliyeishiwa nafasi alimalizia kwenye vikunjo. Bahasha usitupe, maana barua isiyo na tarehe utaikisia kwa muhuri wa posta. Tia namba nyuma kwa penseli, piga picha pande zote karibu na dirisha, bila flashi, na jina la picha lianze na mwaka (1974-03-12) zijipange zenyewe. Fanya kazi hii Januari au Februari, kabla ya masika. Bati liache, linafungia unyevu; tumia boksi la karatasi, mbali na ukuta wa nje.

Kuhusu kuchapa: karatasi ni zenu, maneno ni ya mtunzi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haki hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mpaka mwisho wa 2038 mnahitaji ridhaa ya warithi wake. Mkiwaendea, waulizeni na barua za baba. Zilikwenda Lindi, ulizonazo ni nusu ya mazungumzo.

Wapo pia waliotajwa humo nao wangali hai. Barua za Flannery O'Connor, mwandishi wa Georgia, kusini mwa Marekani, zilipochapwa 1979, rafiki yake mmoja aliitwa "A" tu, jina lake likafichwa. Rafiki huyo, Betty Hester, alizikabidhi alizoandikiwa kwa Chuo Kikuu cha Emory mwaka 1987 kwa sharti zifungwe miaka 20, zikafunguliwa 2007. Mkizipeleka maktaba, nanyi wekeni sharti lenu kwa maandishi, siku ileile ya makabidhiano.