Lile Gari la Magurudumu Matatu: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Marahaba, mama. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikaona kumbe unauliza kwa uchungu. Unasema huko kazini kwenu Mwanza mlikaa wakati wa chai mkaangalia kwenye simu kile kipande cha zamani cha Top Gear, kipindi cha magari cha BBC ya Uingereza, mtangazaji wake Jeremy Clarkson na kigari chake cha magurudumu matatu kinachopinduka kila kona, na kijana mmoja wa ofisini akakwambia kigari kile kilichezewa makusudi ili kipinduke. Ukakumbuka miaka miwili uliyogoma kupanda bajaji kwa sababu ya kipande hichohicho. Ukaniuliza: "Baba, ulikuwa unajua? Na kama ule ulikuwa uongo, tulidanganywa nini kingine pale sebuleni?"

La kwanza nalijibu kwanza. Habari ya kigari kuchezewa sikuijua. Kipindi kile kilirushwa Juni 2010, na Clarkson mwenyewe alikuja kukiri 2016, kwenye safu yake ya gazeti, kwamba Reliant Robin, ndilo jina la kigari kile, ya kawaida haipinduki ovyo namna ile, na kwamba aliwaomba mafundi waichezee difu. Kwa hiyo karibu miaka sita mimi na wewe tulikuwa kapu moja. Difu ndiyo inayoliwezesha gurudumu la ndani ya kona kuzunguka taratibu kuliko la nje. Ukiivuruga, gari haliingii kona kwa amani. Halafu lenyewe lina gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kama bajaji. Ukikata kona huku unakanyaga breki, uzito wote unakimbilia pembe ya mbele, na kwenye pembe ile hakuna tairi la kuupokea. Udhaifu ulikuwepo, wao wakautia chumvi mpaka ukafurika sufuria. (Usiisome barua hii kama ruhusa ya kupanda bajaji ya yule kijana wa stendi anayekata kona kwa mkono mmoja, wa pili ameshika simu.)

Lakini mambo ya kamera niliyajua, tena kabla hujazaliwa, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa ugali wetu.

Mwaka 1995 nilipata kazi ya harusi Kimara. Msafara ulikuwa unateremka Barabara ya Morogoro kuelekea Ubungo: mbele pikapu ya matarumbeta, katikati gari nililopanda mimi, nyuma yangu benzi jeupe la bibi harusi. Nilikaa ndani ya buti iliyoachwa wazi, miguu inaning'inia nje, kiunoni nimefungwa kamba iliyokazwa kwenye kiti cha nyuma, na begani kamera ya VHS. Tulikuwa tunakwenda kilomita 20 kwa saa, maana wapuliza tarumbeta hawawezi kupuliza kwa mwendo zaidi ya huo. Nikampungia dreva wa benzi asogee. Asogee tena. Mpaka bampa lake likawa karibu kunigusa magoti. Hapo nikaishusha kamera kutoka begani, nikaining'iniza kwa mkono mmoja kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye lami, lenzi nimeifungua upana wake wote. Zaidi ya hapo sikufanya kitu.

Siku mkanda ulipoonyeshwa kwao bibi harusi, baba yake mdogo aliinuka kwenye kochi, akatoka nje kumtafuta yule dreva. "Wewe, ulikuwa unampeleka wapi mtoto wetu kwa mwendo ule? Ulitaka kumwua?" Maskini dreva akaapa kwamba hakutoka gia ya pili. Nani amwamini? Watu wameona kwa macho yao, lami inapita kama mvua na benzi linakuja linataka kuwavunjia kioo cha televisheni.

Ndivyo jicho lilivyo, mama. Halisomi spidi ya gari, linasoma vitu vya karibu vinavyolipita gari. Mtu aliyekaa juu kwenye lori huona barabara inapita polepole. Mlaze kifudifudi kwenye sakafu ya lori hilohilo, achungulie kwenye tundu, atapiga kelele usimamishe. Na lenzi pana inavuta cha karibu kikawa kikubwa mno na kusukuma cha mbali kikawa mbali mno, kwa hiyo gari likisogea hatua mbili tu linaonekana limeruka.

Jamaa wa Top Gear walikuwa na shida iliyo kinyume na yangu. Mimi nilikuwa na gari la polepole lililotakiwa lionekane linakimbia. Wao walikuwa na gari linalokimbia kwelikweli, na likawa linaonekana limezubaa. Kwa nini? Kwa sababu ya mahali. Dunsfold, kule Surrey kusini mwa Uingereza, ni uwanja wa zamani wa ndege: njia pana, nyasi, mbingu, basi. Hakuna ukuta, hakuna mti wa kulipita gari. Gari likipita katikati ya uwanja ule kwa kilomita 200 kwa saa, ukiliangalia kwa mbali, utadhani ng'ombe anarudi zizini. Ndiyo maana watu wa kamera walilala kwenye nyasi pembeni mwa kona. Walibandika vikamera vidogo kwenye bampa na karibu na gurudumu. Walikwenda na gari lao sambamba na lile linalopigwa picha, mwendo uleule, ili gari libaki kali na wazi huku nyuma yake kila kitu kinavurugika. Na mbingu je, umewahi kujiuliza kwa nini katika kipindi kile kila siku palionekana panataka kunyesha? Mbele ya lenzi wanaweka kioo chenye kiza upande wa juu tu, mawingu yanakuwa mazito, gari chini linang'aa. Mimi kioo hicho nilikitamani miaka yote na sikuwahi kukipata.

Moshi wa matairi nao ni wa kwetu watazamaji, si wa mbio. Gari linaloseleleka kwa mkia linapoteza muda; linalotaka kushinda linashika lami na kupita kimya. Lakini nani atakaa saa nzima Jumapili kuangalia gari linapita kimya?

Stig wako, yule dreva wao wa kujaribu magari asiyeonyesha uso, pia alikuwa sehemu ya ufundi huo. Najua ulimpenda, ulichora kofia yake kwenye daftari la hesabu. Wa kwanza, mwenye ovaroli nyeusi, alikuwa Perry McCarthy, dreva aliyewahi kupita Formula One. Mwaka 2003 wakamtungia kifo: gari lilitoka mbio kwenye sitaha ya manowari HMS Invincible likatumbukia baharini. Akaja mweupe, Ben Collins, akadumu mpaka 2010, alipoandika kitabu na BBC ikashindwa mahakamani kumzuia. Watu walidhani kofia ile yenye kioo cheusi ni ya kuleta fumbo. Fumbo lilikuwepo, lakini mimi nikiitazama nilikuwa naona stara ya mhariri. Dreva asiye na uso hawezi kuharibu muungano wa picha. Ya leo asubuhi na ya wiki ijayo jioni, mtu huyu au mwenzake, ukizikata na kuziunga, ni Stig yuleyule kwenye mzunguko uleule.

Halafu ile safari yao ya huku kwetu. Unakumbuka? Ilirushwa Machi 2013, wanapita Uganda na Rwanda mpaka Tanzania wakitafuta chanzo cha Nile kwa magari matatu ya mtumba, BMW, Volvo na Subaru. Uliniuliza hao wazee watatu wanalalaje peke yao porini. Nikakwambia hesabu kamera. Gari linakuja kwenye tope, linapita, linaonekana kwa nyuma linapotelea. Aliyepiga picha amesimama mbele tayari, viatu vikavu, ametulia anasubiri. Alifikaje kabla yao? Ukanyamaza, halafu kipindi kizima ukawa huangalii magari, unatafuta kivuli cha mtu wa kamera, mpaka mama yako akatufukuza sebuleni kwa kelele. Tangu siku ile sikuwa na siri na wewe kuhusu jambo hili. Ila nadhani uliniachia jibu njiani, kama watoto wanavyofanya.

Sasa, yote hayo ni uongo? Mimi nasema hapana, na hapa naongea kama mtu wa kazi hiyo. Chukua ile Hilux waliyoijaribu 2003. Walinunua pikapu kuukuu ya dizeli, wakaiacha baharini ikazolewa na maji ya kujaa, wakaichoma moto, mwishoni wakaipandisha juu ya ghorofa lililokuwa linabomolewa kwa baruti, likaanguka nayo. Fundi aliruhusiwa zana za kawaida tu, bila spea mpya. Ikawaka. Kila picha ile imepangwa, imehaririwa, imewekewa muziki wa kutupandisha roho, na saa za fundi za kufungua na kukausha zimekatwa zote. Lakini chumvi ya bahari iliingia kweli kwenye injini, na injini iliwaka kweli. Mtu wa Sumbawanga aliyeishi na Hilux anaitazama na kutikisa kichwa: naam, ndiyo yenyewe.

Nilipowakasirikia ni kwenye ile Tesla. Mwishoni mwa 2008 walijaribu Roadster, gari la umeme, na picha zikaonyesha limeishiwa chaji linasukumwa na watu mpaka ndani ya banda. Tesla walikwenda mahakamani 2011, wakasema rekodi za gari zinaonyesha chaji haikuwahi kushuka chini ya asilimia 20. BBC wakajibu kwamba walikuwa wanaonyesha jambo ambalo lingetokea chaji ikiisha. Tesla wakashindwa, na 2013 rufaa yao nayo ikatupwa. Sheria ina njia zake. Lakini mimi nilipouza picha ya benzi linalokimbia, sikumwambia mtu anunue benzi wala asinunue. Wao walikuwa wanapima gari, mtu anakaa kwake na akiba yake anasubiri kusikia linafika wapi. Ukimwonyesha vijana wanasukuma, ataelewa kwamba lilisukumwa kwa sababu limekwisha.

Na kuna lingine, ambalo ndilo lililonifanya nicheleweshe kujibu. Septemba 2006, kwenye uwanja wa Elvington karibu na York, Richard Hammond, mtangazaji mwenzake Clarkson, aliendesha gari la injini ya jeti kwa ajili ya kipindi. Lilikuwa kwenye kilomita 464 kwa saa tairi la mbele la kulia lilipopasuka. Aliumia ubongo. Akapona, Januari 2007 akarudi studio, wenzake wakamtania, na sisi tukacheka naye, mimi nikiwa wa kwanza. Miaka ikapita. Desemba 2022, palepale Dunsfold, mtangazaji wa wakati huo, Andrew Flintoff, aliyewahi kuwa nahodha wa kriketi wa Uingereza, alikuwa anaendesha Morgan ya magurudumu matatu. Hii ni tofauti na Robin, yenyewe ina mawili mbele na moja nyuma, na hakuna aliyeitengeneza ipinduke. Ikapinduka. Flintoff mwenyewe amesimulia jinsi alivyoburutwa uso ukiwa chini. Novemba 2023 BBC ikatangaza kwamba kipindi kimesimamishwa.

Niliposoma habari ile nilikumbuka tulivyokuwa tunacheka, wewe umelala chini kwenye jamvi unapiga mateke, kila Clarkson anapolala ubavu na kutoa kichwa dirishani. Tulicheka kwa sababu tulijua atainuka. Walikuwa wametuzoesha: gari likipinduka, mtu anatoka anajipangusa. Na yeyote anayeshika kamera anazoea hivyohivyo, nakwambia mimi niliyekaa kwenye buti na kamba ya manila kiunoni, benzi limenisogelea magotini, na nilichokuwa nawaza ni lenzi tu. Dreva yule angeteleza mguu kwenye klachi, wewe usingezaliwa. Mama yako sijawahi kumweleza vizuri ile kamba ilikuwa imefungwa wapi, na wewe usimweleze.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo. Kasi mara nyingi ni kamera na mkasi. Kigari cha 2010 kilichezewa. Chuma, lami na mwili wa mtu haviigizi.

Ukija Idi nitakuonyesha kitu. Mkanda wa ile harusi ya Kimara ninao, na si ule niliowapa wenyewe. Ninao ule wa awali, ambao sikuukata. Kwa wale nilitoa sekunde kama kumi hivi, sasa utajua kwa nini. Benzi linakuja, lami inapita kama mvua, bibi harusi ameshika shela lisipeperuke. Mara kulia mwa picha anatokea muuza mikate na baiskeli yake, sanduku la mbao nyuma, anapiga pedali bila haraka. Anatazama kwenye kamera. Anapiga kengele. Halafu anatupita.

Baba yako