Huu mzigo mbona mwepesi?

Wiki hii mmeuliza kama bosi mkali anaua mawasiliano kazini. Nilivyosoma tu nikajibu kwa sauti, anaua, tena anayazika kabisa, mke wangu akadhani naongea na simu. Mimi ni mpishi wa mlimani, Kilimanjaro, nimepikia wageni njia ya Machame, Marangu, Lemosho, na mabosi wakali nimekutana nao wa kila aina. Hizi ofisi zetu za utalii Moshi na Arusha mnazijua, nyingine bosi akiingia hata aliyekuwa anakohoa anameza kikohozi. Sasa mtu wa hivyo utamwambia saa ngapi kwamba gesi haitoshi?

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu na ningeishia hapo. Ila nikakumbuka habari ya fito za hema, na nikiiangalia vizuri naona haikai na hilo jibu.

Ilikuwa geti la Machame, mwezi wa nane, wageni wamejaa. Asubuhi pale mnajua palivyo, magari yamebanana, wagumu (nyie wa mjini mnawaita wapagazi) wamejaa kwenye uzio wanasubiri kama jina litaitwa, wageni wanajipaka losheni, watu wamepanga foleni kwenye mzani. Kila mzigo wa mgumu unapimwa, mwisho kilo 20, ukizidi unapunguza. Kwa hiyo pale getini akili ya kila mtu iko kwenye kuzidi. Kupungua hakuna anayekuwaza, ukipungua ni bahati yako.

Sasa kuna dogo mmoja wa Uru, ndiyo tripu yake ya kwanza, alipewa hema la kulia chakula. Akaweka kwenye mzani, ukasoma chini kabisa. Dogo akauangalia ule mzani, akaunyanyua mfuko, akautikisa, akamgeukia gaidi mkuu (ndivyo tunavyomwita kiongozi wa wageni mlimani) akamwambia, "Kaka, huu mzigo mbona mwepesi?" Mimi niko pembeni nahesabu trei za mayai, nimesikia kwa masikio yangu. Gaidi akacheka. Akasema, "We dogo, mlima umekupenda, mshukuru Mungu upande." Wagumu wote wakaangua kicheko, dogo naye akacheka, akajitwika, tukaondoka.

Kambi ya Machame iko kama mita 3,000 hivi, mnafika mmetoka kwenye msitu wote ule na tope lake. Tumefika jioni, manyunyu yameshaanza, nimewasha jiko, bisi za wageni tayari, chai tayari, wahudumu wanakunjua hema la kulia. Turubai lipo. Kamba zipo, pegi zipo. Fito hakuna hata moja. Wakakung'uta ule mfuko, wakaugeuza ndani nje, mmoja akaingiza mkono mpaka begani, eti labda zimejificha, fito zenyewe za chuma.

Basi ikabidi tuombe wageni fimbo zao za kutembelea, tukazifunga mbilimbili kwa kamba, maana kukata mti hifadhini ni kesi nyingine kabisa. Ile kitu ikasimama lakini imeinama. Wageni wanne wakala supu ya tango vichwa chini kama wako kwenye sala, juu turubai linajaza maji linaning'inia, na mhudumu kila mara anapita kulisukuma kutokea ndani kwa mwiko, mwiko wangu wa ugali jamani, maji yanamwagika mwaaa upande wa mlango. Mama mmoja kati ya wale wageni alicheka mpaka akatoa machozi. Mumewe hakucheka.

Gaidi akapanda kwenye jiwe kutafuta mtandao akapiga Moshi. Mtu wa stoo anasema fito zilikuwa kwa fundi, moja ilikatika safari ya nyuma, na yeye alimwambia dereva azipitie. Dereva anasema ni kweli aliambiwa, ila aliambiwa akiwa anapiga rivasi kwenye kona mbaya, akajibu poa huku macho yako kwenye kioo. Ofisini wanasema waliandika kwenye grupu la WhatsApp, na kweli waliandika, usiku wa manane, katikati ya picha za sendofu ya mtu na michango ya msiba. Yaani taarifa ilisemwa, ikaandikwa, na getini dogo akaigusa tena. Hakuna aliyenyamaza! Kesho yake mgumu mwingine akapanda nazo mbiombio akatukuta kambi ya Shira usiku.

Sasa mniambie, mkali yuko wapi hapo? Yule gaidi ndiye mcheshi kuliko magaidi wote niliofanya nao kazi, watoto wetu anawajua kwa majina. Na ndiye aliyemfunga dogo mdomo, kwa utani. Angemtukana, dogo angenuna, na mtu aliyenuna neno lake analo, atalisema hata njiani kwa wenzake. Ila aliyechekwa analitupa mwenyewe. Tukiwa Shira nilimuuliza dogo kwa nini hakurudia kuuliza, akanijibu, "Mzee, walicheka wote."

Nina kijana nyumbani anapenda sana habari za ndege, alinionyesha ile ajali ya Tenerife, 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana uwanjani kwenye ukungu wakafa watu 583. Injinia wa ile iliyokuwa inakimbia iruke aliuliza kama mwenzao ameshatoka barabarani, rubani mkuu akajibu ndiyo ametoka, wakaendelea kukimbia. Rubani mwenyewe mtu mzito, mkufunzi wa wenzake. Baadaye ndiyo mashirika ya ndege yakaanza kufundisha wadogo kubisha na wakubwa kusikiliza. Nikamwambia kijana wangu huyo injinia namjua, nilimwona kwenye mzani Machame. (Sifananishi fito na roho za watu, msinielewe vibaya.)

Halafu kuna gaidi mwingine, wa Kibosho, huyo sasa ndiyo mkali mnayemuuliza. Salamu hana. Asubuhi getini anapanga watu mstari, kila mtu anafungua mzigo wake anataja kilichomo, fito ngapi, pegi ngapi, mtungi umejaa au nusu. Ukijibu "vyote vipo" anakurudisha mwanzo mbele ya watu. Wagumu wanamsema vibaya kuanzia getini mpaka Mweka tunakoshukia, lakini kwake sijaona kitu kikisahauliwa stoo, na dogo yeyote akisema mzigo mwepesi unafunguliwa hapohapo, bila kicheko.

Ila na yeye msimpambe sana. Kuna mgumu alimficha kichwa kinamuuma mpaka kambi ya juu ya Barafu, akashushwa usiku ameshikwa huku na huku, kwa kuogopa tu kwamba akisema atarudishwa na siku zake zikatwe. Kwa hiyo mambo ya vifaa kwa mkali yanasemwa, mambo ya mwili hayasemwi, na mlimani mwili ndiyo kitu cha kwanza.

Kwa hiyo mkinibana nijibu swali lenu kama mlivyouliza, nasema ndiyo, mkali anaharibu, sijabadilisha. Lakini nikiitwa kesho na hao magaidi wawili nichague, napanda na yule wa Kibosho, mradi msaidizi wake awe mtu ambaye mgumu anaweza kumwambia anaumwa. Na iwe ni hizi safari za siku sita saba basi. Ofisini, kila siku, mwaka mzima, huyo simuwezi, mtafuteni mwingine.

Halafu mkimaliza hili ulizeni na la tipu, yaani bahshishi ya wageni, namna inavyotangazwa siku ya mwisho na nani anayehesabu. Hapo mtajibiwa na mlima mzima.

Mpishi, Pasua, Moshi