Taarifa ya saa 48 si kibali

SWALI: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa korosho huku Tandahimba. Mzigo tumepeleka ghalani, mnada umepita, na wengine wetu hadi leo hatujalipwa. Tumekubaliana kama watu 60 twende na mabango ofisi ya mkuu wa wilaya, tukae pale mpaka tusikilizwe. Mtendaji wa kijiji anasema bila kibali cha polisi tutalala ndani. Ni kweli? Na ule uhuru wa maoni wa kwenye Katiba una kazi gani?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole kwa kungojea jasho lako.

Kibali kilikuwepo zamani. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alimshtaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika Mahakama Kuu, Dodoma, na Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba haki ya kukusanyika, iliyo katika ibara ya 20 ya Katiba, haiwezi kungoja ridhaa ya polisi. Baadaye sheria ikarekebishwa. Leo kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, kinadai taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo, saa 48 au zaidi kabla ya mkusanyiko, ikitaja mahali, muda na madhumuni. Kwenu huyo ni OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa saa. Nawasihi msiliache hilo, maana siku ya ubishi karatasi hiyo ndiyo itakayowasemea.

Msipopata zuio, endeleeni. OCD anaweza kuzuia, ila tu akiridhika kwamba mkusanyiko unaelekea kuvunja amani, kuhatarisha usalama wa watu au kutumika kwa jambo lisilo halali. Zuio likija, msiende. Mnaweza kukata rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, na anayeona haki yake ya kikatiba imevunjwa anaweza kwenda Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3). Mkitoka huku mmezuiwa, mkusanyiko wenu unakuwa haramu hata kama hamjagusa jiwe.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo la “tukae pale mpaka tusikilizwe”. Kusimama nje ya uzio, kwa muda mlioutaja, bila kuziba mlango wala barabara, ni jambo moja. Kuingia uani na kugoma kutoka mkiamriwa kunaweza kuwa kosa la kuingia kwa jinai. Tena majengo mengine ya Serikali yametangazwa kuwa maeneo yanayolindwa, na huko kuingia bila ruhusa ni kosa. Na chini ya Kanuni ya Adhabu watu watatu tu wanatosha kuwa mkusanyiko haramu, mwenendo wao ukiwafanya majirani wahofie uvunjifu wa amani. Sisi wa Mtwara tuliiona Mei 2013 wakati wa ghasia za kupinga bomba la gesi: watu walikufa, majengo yakachomwa, na hoja ya wananchi ikapotea ndani ya moshi. Kwa hiyo wekeni watu wenu wa kutuliza vijana, na chagueni watano wa kuingia ofisini na barua.

Mabango yenu yanalindwa na ibara ya 18, ingawa ibara ya 30 inaruhusu sheria kulinda haki na sifa za wengine. Andikeni deni: kilo mlizopeleka, tarehe ya mnada, fedha mnazodai. Msimwite mtu mwizi kwa jina kabla ya mahakama kusema. Hata kwenye WhatsApp mjihadhari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo.

Watu huchanganya saa zenu 48 na zile za mkuu wa wilaya. Zake zinatoka Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997: anaweza kuamuru mtu akamatwe akijua ametenda kosa ambalo mtu hukamatwa na kushtakiwa, au akiamini anaelekea kuvunja amani na hawezi kuzuiwa kwa njia nyingine. Ndani ya saa 48 mtu huyo afikishwe kwa hakimu au aachiwe, na sababu ziandikwe. Kudai malipo yako si kosa. Mwenzenu akichukuliwa, aulize kosa lake ni lipi, nanyi mliobaki andikeni saa aliyochukuliwa.