Harani Yangu Ilikuwa Ndani ya Kanisa

Kwa miaka 11 nilikuwa mwalimu wa kwaya katika ushirika mmoja wa Moravian pembezoni mwa Jiji la Mbeya, upande wa Uyole. Tulikuwa na kinanda, sare za aina mbili na waimbaji zaidi ya 40 ambao ningeweza kuzitambua sauti zao hata gizani, na kila Jumapili nilirudi nyumbani nikiwa na hakika kwamba ninamtumikia Mungu. Nayasema haya mapema kwa sababu tunapozungumzia kuacha mazoea ili kuitikia wito, wengi wetu humfikiria mtu anayeacha ulevi au maisha ya anasa. Mimi sikuwa na hayo. Kilichonishika kilikuwa huduma yenyewe.

Mwaka 2015 mwinjilisti anayehudumia vituo vya kuhubiri katika bonde la Usangu alikuja kwenye kikao chetu, akaomba mtu wa kumsaidia kufundisha darasa la ubatizo na nyimbo katika kituo kipya. Waumini wake hawakuzidi 20, wengi wao wakiwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko pamoja na vibarua wa mashamba ya mpunga. Alisema, "Wazee wangu, leo sikuja kuomba fedha, naomba mtu." Nilitazama sakafu. Moyoni nilijua waziwazi kwamba ninaitwa mimi, na papo hapo nikapata utetezi ulioonekana wa kiroho kabisa: kwaya itabaki na nani?

Utetezi huo nilidumu nao miezi minane, mpaka niliposoma taratibu sura ya 11 ya Mwanzo, ambayo wengi huiruka ili kuwahi sura ya 12. Sote tunalijua lile neno, "Toka wewe katika nchi yako, na jamaa zako, na nyumba ya baba yako," na tunajua kwamba Abramu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani. Lakini kwa nini alikuwa Harani? Mstari wa 31 unaeleza kwamba Tera, baba yake, ndiye aliyewatoa Uru wakiwa na nia ya kwenda Kanaani. Walipofika Harani wakakaa huko, na huko ndiko Tera alikofia. Mahali hapo Biblia haimlaumu Tera, wala haisemi kwamba Harani palikuwa pabaya. Yawezekana palikuwa na maji, malisho na majirani wema. Nilichokiona usiku ule ni kwamba mtu anaweza kutoka kweli na kusafiri kweli, kisha akatulia mahali pazuri njiani hata akasahau kwamba safari ilikuwa ya kwenda kwingine. Mimi nilitoka Uru siku nilipookoka, na kwaya ikawa Harani yangu.

Ndugu msomaji, kama nawe unahisi kuitwa, usikimbilie kufunga mizigo. Katika Matendo ya Mitume sura ya 13, Barnaba na Sauli hawakujituma wenyewe: kanisa la Antiokia lilifunga, likaomba, likawawekea mikono. Nilimwendea mchungaji wangu pamoja na wazee wawili, na mzee mmoja akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: "Mwanangu, kuna mtu mmekosana naye huko kwenye kwaya?" Aliuliza hivyo kwa kuwa ameona wengi wakiipa hasira yao jina la wito. Nilikiri kwamba yupo, na kwamba tulikosana kwa ajili ya michango ya sare. Akaniagiza nikapatane naye kwanza, ndipo nirudi tuzungumze. Ilichukua wiki tatu. Nilipoketi tena mbele ya wazee, hamu ya kwenda ilikuwa bado ipo ingawa hasira imekwisha, na hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko ndoto na ishara nyingi.

Nyumbani nako panahitaji subira. Mume wangu hakuambiwa na Mungu saa ileile niliyoambiwa mimi, na lingekuwa jambo la kiburi kumtaka aelewe kwa siku moja nilichokikataa kwa miezi minane. Tulikubaliana niende Jumapili mbili kwa mwezi, nikiondoka Jumamosi baada ya shughuli za nyumbani, na kazi yangu ya ualimu wa shule ya msingi nisiiache. Wapo wanaoona kwamba asiyeacha kazi hajaitikia wito kikamilifu. Mimi sikubaliani nao. Paulo alishona mahema Korintho. Leonhard Dober, Mmoravian aliyetoka Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732 kwenda kuhubiri kisiwa cha St. Thomas katika Karibi, alikuwa mfinyanzi, na mwenzake David Nitschmann alikuwa seremala. Sisi tulioletewa Injili Rungwe mwaka 1891 tu warithi wa watu wa namna hiyo. Mtu anayeacha kazi ghafla akiwa na mkopo wa benki na watoto wa kusomesha, kisha akawaachia ndugu mzigo huo kwa jina la imani, anawatwisha wengine gharama ya wito wake. Hata nauli ihesabu kuwa ni yako. Mimi niliahidiwa kusaidiwa nauli, ikatolewa mara mbili, kisha kimya. Nusura niache kwa uchungu, si kwa kukosa pesa.

Jumamosi ya kwanza nilipanda gari hadi Igurusi, kisha bodaboda kati ya majaruba. Sweta niliyoivaa Uyole ilikuwa imeishia kwenye mkoba, kwa maana joto la bondeni ni la nchi nyingine. Kesho yake ibada ilifanyika chini ya banda la nyasi, na viti vilikuwa magogo. Nilikuwa nimeandika nota za solfa, zile za do-re-mi, kwenye karatasi kubwa za manila, kwa mwandiko mzuri wa kalamu nyekundu na buluu, nikazifunga kwenye nguzo. Nilifundisha karibu saa nzima. Walinitazama kwa heshima, na hakuna aliyeimba. Baadhi yao hawakujua kusoma, sembuse solfa. Ndipo mama mmoja mzee, ambaye asubuhi alikuwa amenisalimu "Mwangaluka" nikashindwa kumjibu, akaanza kuimba wimbo wa kwao polepole huku akipiga makofi, na wengine wakamwitikia kwa sauti iliyojaa kuliko kwaya yangu yote. Nilizifungua zile karatasi, nikazikunja, nikaketi kwenye gogo pembeni yake. Baadaye tuliyaweka maneno ya Yohana 3:16 katika wimbo ule, naye ndiye aliyekuwa mwalimu.

Sitaki kukuficha upande mwingine. Niliugua malaria mara mbili mwaka ule, na Krismasi ya kwanza kwaya ya mjini iliimba vibaya kiasi kwamba nililia kanisani. Utetezi wangu haukuwa uongo mtupu. Kweli kuna kitu kilipungua nilipoondoka, na ilibidi nikubali kwamba si mimi wa kukijaza. Aliyekuja kukijaza ni dada mmoja wa sauti ya pili, na ilimchukua karibu miaka miwili.

Mwaka jana mwinjilisti alikuja tena na ombi lake. Sasa ni kitongoji kingine, ng'ambo ya mto, chenye familia saba. Jina lililotajwa na wazee ni la kijana aliyebatizwa katika darasa letu la kwanza, ambaye ndiye anayeongoza nyimbo pale kituoni. Baada ya ibada alinifuata chini ya mti, akainamisha kichwa, akasema, "Mwalimu, ningekwenda, lakini waimbaji hawa nitamwachia nani?" Nilimwomba tuketi tusali kwanza. Kisha nikamwuliza kama kuna mtu wamekosana naye.