Masanamu sawa, lakini "huisujudia"?

Swali: Nimeandika hivi: "Mwaka 630 Mtume aliingia Makka, akavunja masanamu 360 yaliyoizunguka Kaaba, na tangu hapo Waislamu huisujudia Kaaba." Mwenzangu anashikilia kuwa niseme "sanamu zilizoizunguka". Nani kati yetu amekosea?

Jibu: Kwenye masanamu, hakuna. Neno tumelichukua kwa Waarabu, sanam, tukalitia katika ngeli ya I-ZI: sanamu hii, sanamu hizi. Anayetaka kulikuza au kulidharau hulivika ma-, na tafsiri za Kurani hufanya hivyo. Chagueni, ila "masanamu hizi" msiniletee. Hilo limekwisha.

Sasa hiyo "huisujudia Kaaba"! Ndugu yangu, katika sentensi moja umevunja masanamu 360 na kusimamisha la 361. Tena kwa irabu mbili tu: i ya yambwa, yaani ya anayetendewa, na i ya kauli ya kutendea, ile ya "pikia" na "andikia". Kusujudu ni kuweka paji la uso chini. Kumsujudia fulani ni kumwekea yeye paji hilo. Sura Fussilat, aya ya 37, yasema "msilisujudie jua wala mwezi", kisha yaamrisha asujudiwe aliyeviumba. Katazo zima limebebwa na viambishi hivyo hivyo unavyovichezea. Muislamu husujudu akielekea Kaaba. Anayesujudiwa ni Mungu. Kibla ni upande wa kuelekea, basi.

Siku ile ile unayoisimulia, Bilali, muadhini wa Mtume, alipanda juu ya Kaaba akaadhini. Nani hukanyaga anachokiabudu? Naye Umar, khalifa wa pili, alipolibusu Jiwe Jeusi lililo kwenye pembe ya Kaaba, aliliambia wazi kwamba anajua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba asingelibusu lau asingemwona Mtume akilibusu. Hata hivyo, kila msimu wa Hija husomi habari mbili tatu bila kukutana na mahujaji "wanaoiabudu Kaaba". Waandishi hao hawana nia mbaya. Hawana sarufi.

Najua mtakachonijibu. "Mbona twasema mswala wa kusujudia?" Ndiyo, na kisu cha kukatia pia, hapo kutendea ni kwa chombo au mahali. Utie yambwa sasa: "anausujudia mswala." Bwana huyo akatoe shahada ya imani upya. Mwingine atasema malaika waliamrishwa wamsujudie Adamu. Kweli, na wanazuoni wakaeleza kuwa ile ilikuwa sijda ya heshima, si ya ibada. Sentensi yako haina wanazuoni wa kuifafanulia.

Nakiri kuwa kauli hii ya kutendea ni jeuri, haikai mahali pamoja. Kumswalia Mtume ni kumwombea rehema, kumswalia maiti ni kumsalia sala ya jeneza, kuswalia msikitini ni kuswali humo. Katika yote matatu hakuna anayeabudiwa ila Mungu. Kwa hiyo anayeteleza kwenye kuswalia namvumilia. Kusujudia hakuna uchochoro huo: ukishakipa kitenzi hicho yambwa, umeshataja anayeinamiwa.

Andika "husujudu wakielekea Kaaba". Na hiyo "tangu hapo" uifute pia: kibla kiligeuzwa kutoka Baitul-Maqdis, yaani Yerusalemu, kwenda Makka mwaka 624, miaka sita kabla ya masanamu yako kuvunjwa.