Kijana Aliyesubiri Nje ya Duka

Mpwa wangu alishtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu ya Malindi pamoja na vijana wengine wawili, ilhali panga lililomuua mwenye duka hakulishika, wala ndani ya duka hakuingia. Yeye ndiye aliyewapeleka kwa pikipiki na kuwasubiri nje. Naandika haya kwa ajili ya wazazi wa Malindi na Lamu, kwa sababu nyumbani kwetu tulijifariji kwa muda mrefu na maneno mawili, "mtoto hakuua", tusijue kwamba sheria haiishii hapo.

Kifungu cha 21 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaeleza kwamba watu wawili au zaidi wakiungana kutimiza jambo la haramu, na katika kulitimiza likatendeka kosa ambalo lilitazamiwa kutokana na jambo hilo, kila mmoja wao huhesabiwa kuwa amelitenda. Mawakili huiita nia ya pamoja. Si lazima pawe na kikao cha kupanga, kwani jaji anaweza kuiona nia hiyo katika matendo ya watu kabla ya tukio, wakati wa tukio na baada yake. Hata hivyo, kuwapo tu mahali hapo hakutoshi kumtia mtu hatiani, na ndiyo maana wakili anapaswa kuambiwa ukweli wote mapema: nani alimwita kijana, aliambiwa wanakwenda wapi, panga aliliona saa ngapi, na alilipwa kiasi gani.

Sisi hatukufanya hivyo. Mzee mmoja wa ukoo alishauri tuseme kijana alilala nyumbani usiku ule, nami, mjomba wake, nikanyamaza. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba alikuwa kwingine, maana mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka mpaka mwisho. Lakini uongo ukivunjika, hata la kweli alilolisema huwa gumu kuaminika. Wetu ulivunjwa na simu ya marehemu, iliyopatikana chini ya kiti cha pikipiki siku mbili baada ya tukio. Anayekutwa na mali iliyoibwa karibuni hutazamiwa aeleze ameipataje, na kijana aliyekuwa "amelala" hakuwa na la kueleza.

Ushahidi ambao sijausahau ni wa mama mmoja jirani wa duka lile. Wakili alimuuliza taa ilining'inia wapi, ilikuwa na mwanga wa namna gani, alimtazama kijana kwa muda gani, na kwa umbali upi. Mama yule alishika buibui lake kwa mkono mmoja, akanyoosha kidole cha mkono wa pili hadi kwenye dirisha la chumba cha mahakama, akasema, "Kama hapa na pale," na jaji akaandika. Maswali hayo si ya kumdhalilisha shahidi. Utambuzi wa usiku unaotegemea shahidi mmoja hupimwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa hata mtu mkweli hukosea. Ukiwa shahidi, andikisha mambo hayo kituoni mapema iwezekanavyo, ukiwa bado unayakumbuka, na usikubali kuonyeshwa mshukiwa kabla ya gwaride la utambulisho, yaani pale shahidi anapotakiwa kumtambua mshukiwa kati ya watu waliopangwa mstari.

Kuhusu kukiri, mshukiwa ajue kwamba maneno aliyomwambia mpelelezi wa kesi yake si ungamo linalokubalika mahakamani. Kama familia haina uwezo, iombe mapema wakili wa kugharamiwa na Serikali.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017, jaji halazimiki kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji, bali husikiliza kwanza maombi ya kupunguziwa adhabu; kwa hiyo andaeni mapema maelezo ya umri wa kijana na maisha yake. Notisi ya rufaa nayo ina siku 14 tu tangu uamuzi kutolewa. Dada yangu na mimi tulizimaliza siku 9 tukilia kabla ya yeyote kutuambia.